Jiwe Zembe Katika Foleni ya Madaftari

Miaka ile hata kiberiti kilikuwa habari. Ikisikika kwamba lori la bidhaa linakuja Babati, watu walipanga foleni kwa mawe. Unaweka jiwe lako mbele ya duka la ushirika, unakwenda zako shambani, ukirudi nafasi yako iko pale pale. Hakuna aliyegusa jiwe la mwenzake. Mimi niligusa.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Shule niliiacha darasa la sita, nikazurura machimboni na mashambani, na wakati huo nilikuwa kibarua wa mzee mmoja wa Nangara tuliyemwita Mwalimu. Alisomea falsafa, akaandika magazetini kuhusu picha na vinyago, kipi kizuri na kwa nini, mpaka karatasi zikaadimika na magazeti yakakonda. Akarudi kulima mahindi. Kitabu chake kuhusu uzuri alikiandika kwenye mifuko ya saruji, nayo sasa ilikuwa imekwisha. Siku hiyo lori lilikuwa linaleta madaftari. Alitaka mawili tu, amalizie sura ya mwisho.

Tulipofika, Mwalimu akasahau kabisa kuweka jiwe. Alitembea kando ya mstari wa mawe, akiandika kwenye kipande chake cha mwisho cha mfuko.

"Hili la kwanza linajivuna," aliniambia. "La tatu, kijana, lina utulivu wa ng'ombe aliyeshiba."

"Na lile?"

"Zembe. Tena linamwonea jirani yake mwekundu."

Alipokwenda kuwasalimu wazee wenzake, nikayapanga upya: makubwa katikati, mekundu kuyazunguka, kama ua lililochanua. Nilipendezwa hadi nikacheka peke yangu.

Wenye mawe wakarudi. Kila mtu alilijua jiwe lake, na kila mtu alikuwa wa kwanza. Mama mmoja wa Singe akanikamata ukosi.

"Wewe mzururaji, nyumbani kwenu wanajua uko huku?"

Muuza duka akatishia kufunga. Ndipo Mwalimu akainua kile kipande cha mfuko.

"Subirini. Nimeyaandika yote, moja baada ya jingine."

Akasoma. "La kwanza, linajivuna." Baba mmoja akatoka kifua mbele kuchukua lake, watu wakaangua kicheko. Lile la ng'ombe aliyeshiba likawa la mama wa Singe, akaniachia ukosi. "La kumi na moja, zembe." Wote wakamgeukia fundi baiskeli mmoja.

"Zembe kivipi, Mwalimu? Nimelichagua mwenyewe."

"Ndiyo maana," akasema yule mama.

Foleni ikasimama tena. Mwalimu, asiye na jiwe, akawa wa mwisho, na madaftari yakaisha kabla yake. Hata kile kipande muuza duka alibaki nacho, kiwe ushahidi. Nilitamani ardhi inimeze. Mwalimu alirudi Nangara karibu akirukaruka.

"Miaka yote naandika, kijana. Leo ndiyo mara ya kwanza msomaji kunibishia usoni."

Lori lililofuata lilikuta mawe yameoshwa. Mengine yalitoka ufukweni mwa ziwa, na moja lilikuja kwa toroli kutoka Nakwa. Muuza duka alitoka na madaftari mawili kabla hajafungua dirisha.

"Shikamoo, Mwalimu. Andika kwanza, tusije tukagombana."

Mwalimu alisimama kwa muda mrefu mbele ya jiwe la fundi baiskeli, lililong'arishwa kwa grisi. Fundi mwenyewe alikuwa ameshusha kofia, akisubiri.

"Bado zembe," Mwalimu aliandika katika ukurasa wa kwanza, "lakini linajitahidi."