Wimbo Mmoja Alioniomba Alani

Mwezi uliopita nilimpeleka mama hospitali kupigwa picha ya kifua. Muuguzi alipoitoa ile filamu kwenye bahasha aliitikisa kidogo, ikalia wubu-wubu-wubu, kama bati jepesi linalosukumwa na upepo. Mama alikuwa anangoja kuambiwa habari za mapafu yake, na mimi mwanawe nilikuwa nimeshaondoka pale. Nilikuwa kanisani kwetu, chini ya kilima cha Nengo, nina miaka kumi na mmoja, na Alani ameketi mbele yangu. Sioni fahari kusema hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Ngoma ndogo ya Alani ilikuwa imewambwa filamu ya namna ile. Kanisa letu lilikuwa na bateri, ndivyo tunavyoita huku zile ngoma za kizungu zinazopigwa na mtu mmoja kwa mikono na miguu, ila vita vilipita na kuziacha zimepasuka. Alani aliomba hospitali filamu kuukuu, akazikata kwa mkasi, akawamba. Ukisogea karibu uliona mbavu za mtu usiyemjua, na juu yake vijiti vinacheza.

Alani alikuwa Mwingereza, fundi wa pampu za maji kwenye shirika moja la misaada. Mama aliwafulia nguo watu wa shirika hilo, nami nikitoka shule nilimpitia. Nilimkuta Alani kwenye ngazi za baraza, beseni limepinduliwa kati ya magoti, anagonga. Sisi tulirudi kutoka ukimbizini Tanzania, kwa hiyo Kiswahili changu alikielewa kuliko cha mjini. Chake alikipata kwa madereva wa malori, na yako matusi mawili matatu aliyoyatumia kama salamu bila kujua. Mama alikuwa anaingia ndani kucheka.

Hapo ngazini alinisimulia maisha yake, kidogo kidogo. Sijui kwa nini mimi. Labda alidhani sielewi. Kwao alianzia kwenye makopo ya biskuti, nyuma ya bucha la baba yake. Akapata wenzake watatu, wakaunda bendi, na wimbo wao mmoja ukapigwa redioni kiangazi kizima mpaka watu wakauchoka. Walipoingia studio kurekodi sahani ya pili, mkubwa wao akaja na mashine ndogo kama sanduku la viatu, inayopiga ngoma yenyewe. Haikosei, wakamwambia. Lakini sura yake bado waliihitaji. Basi kwenye televisheni alikaa nyuma ya ngoma zilizojazwa mataulo, akapunga vijiti hewani, na mashine ikapiga. Mwaka mzima alifanya hivyo, kisha wakamwacha.

"Mikono si ngumu," aliniambia. "Ngumu ni uso. Wanakufundisha kucheka. Meno yote, kama hivi."

Akanionyesha, nikacheka sana. Nilimuuliza kwa nini hakukataa.

"Nilifikiri labda siku moja mashine itaharibika."

Jumapili ya kwanza alipolikanyagia lile goma kubwa la mguuni, nusu ya kanisa waliinama chini ya mabenchi, wakidhani ni bomu. Mnajua miaka ile ilivyokuwa, watu bado wanashambuliwa njiani. Kuna siku mabasi madogo ya kutoka Kanama hayakufika kabisa, na mtu akiangusha sufuria nyumba nzima ilinyamaza. Alani aliona watu wanaibuka mmoja mmoja, wanajipangusa magoti, akawa mweupe zaidi ya alivyokuwa. Wiki iliyofuata alitia blanketi ndani ya goma. Watu wakamzoea, na waliotembea kwa miguu kutoka Nyakiriba walisema wanakuja kwa Yesu kwanza, halafu kwa yule muzungu.

Kisha ndugu wa kanisa la Goma, mji wa ng'ambo ya mpaka, walitupatia kinanda cha umeme. Mwalimu Nathanaeli, kiongozi wa kwaya, alinichagua mimi nijifunze kwa sababu vidole vyangu ni virefu. Siku moja ya mazoezi niligusa kitufe nisichokijua, na ngoma zikaanza kutoka mle ndani, zimenyooka, hazina pa kujikwaa.

"Yebabawe!" Huyo ni Mama Solange, muuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, aliyekuwa na sauti kuliko sisi wote. "Alani, sasa kuja kwangu unitwangie sombe na ile miti yako!"

Kwaya ikaangua kicheko, wakimwona anatwanga kisamvu kwa vile vijiti. Alani alicheka kuliko wote.

"Bon," Mwalimu akasema, naye amenyoosha mkono watu watulie. "Espe, mutoto yangu, fanya tena. Munasikia? Ii haikimbie, haichoke, na haishtue batu roho."

Nataka kuwa mkweli kwa kila mtu. Alani akifurahi alikimbia, na wazee wetu walifika mwisho wa wimbo hawana pumzi. Mashine ilikuwa na kitufe cha kupunguza sauti, naye Alani hakuwa nacho. Mwalimu hakuwa mtu mbaya, na hakujua habari ya yale mataulo. Pale kanisani niliyeijua nilikuwa mimi peke yangu. Lakini Mwalimu alikuwa amenishika kichwa kunisifu mbele ya watu, kitu ambacho hakuwahi kukifanya kwa mtoto yeyote. Nikabonyeza tena.

Bateri ikasukumwa ukutani, watu wakawa wanatundika makoti juu yake. Alani alihamia benchi la nyuma, akapiga makofi pamoja na wengine. Nyumbani kwao beseni lilirudi kufulia nguo tu, na mimi nilianza kumpitia mama kwa mlango wa uani.

Baadaye, sikumbuki ni baada ya wiki ngapi, ikaja Jumapili ya wageni wenye kamera ya video. Mwalimu alimwendea Alani asubuhi, akampa mkono kwa heshima zote.

"Ndugu Alani, ukae kwa bateri. Upige bila kugusa, pole-pole. Kwa video, muzungu na bateri, iko muzuri sana."

Alani aliangalia makoti yanavyoondolewa. Halafu akaja kwenye kinanda, akachuchumaa mpaka macho yake yakawa sawa na yangu.

"Espe. Wimbo wa mwisho, usibonyeze. Mmoja tu. Nipige mimi."

"Nitaacha."

"Kweli?"

"Haki ya Mungu."

Ibada nzima alipunga vijiti hewani, sentimita mbili juu ya zile mbavu, na mashine ikapiga. Ulipofika wimbo wa mwisho nilimwona anainama, anachomoa blanketi kwenye goma, analisukuma kwa mguu nyuma ya kiti. Akainua vijiti, akavigonganisha mara nne. Wakati huohuo mwenye kamera alikuwa anageuka, polepole, kuja upande wangu. Nilikuwa na gauni la njano la kuazima. Mwalimu alinitazama, akainua nyusi kidogo kuelekea kwenye kitufe.

Nikabonyeza.

Miaka yote nimejaribu kuandika kwamba nilimwogopa Mwalimu. Nilimwogopa, ndiyo. Lakini nilitaka pia kuonekana kwenye ile video nikifanya kitu, si kukaa na mikono mapajani.

Alani alikuwa ameshapiga pigo moja. La pili hakulipiga. Vijiti vilisimama juu, kisha vikaanza kupunga hewani, na akanigeukia akicheka, meno yote. Nilifurahi kweli. Nilidhani hakukasirika.

Jumapili iliyofuata hakuja, na mwezi haukuisha akaondoka. Mama alisema shirika lilikuwa linafunga kazi mjini hata hivyo, wote waliondoka. Ni neno la kweli, nami naliandika hapa ili lihesabiwe.

Ile video niliiona nikiwa mama wa watoto wawili, nyumbani kwa Mama Solange, siku ya msiba wa mumewe. Watu walitaka kuwaona marehemu wao wakiimba. Alipotokea Alani, sebule nzima ikasema, "Ayii, muzungu huyu alijua kupiga!" Hakuna aliyeona kwamba vijiti havigusi. Mimi nilimtazama usoni, na ndipo nilipoukumbuka ule uso. Aliwahi kunionyesha ngazini, na wakati ule nilicheka.

Kabla ya mashine kuanza, ukisikiliza vizuri, kuna pigo moja la filamu, kavu, limewahi kidogo. Nilimwomba Mama Solange arudishe kanda nyuma. Akarudisha. Mara ya tatu akaniuliza, "We Espe, unatafuta nini pale?"

Mapafu ya mama yalikuwa mazima, Mungu ashukuriwe. Njiani kurudi kutoka hospitali nilimbebea bahasha, na kila nilipopiga hatua filamu ililia ndani yake. Zamani mama alipenda kutuambia kidole kimoja hakivunji chawa, tusaidiane kazi. Chawa, sawa. Lakini kile kitufe nilikibonyeza kwa kidole kimoja.