Tawi Lililoinamia Mlango wa Malkia

Kabla sijafika kwenye siku yenyewe, mwanangu, sharti nikueleze hali ilivyokuwa, maana bila kuijua hali hiyo utaliona kosa langu kuwa dogo kuliko lilivyokuwa.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya karne iliyopita. Nilikuwa nimetoka Meru kwenda Marekani kusomea historia ya usanifu wa majengo, na sasa nilikuwa katika mwaka wa tatu wa kuandika tasnifu katika chuo kikuu kimoja mjini Washington. Nilipanga chumba cha chini katika nyumba ya familia ya Kiunguja huko Riverdale Park. Mwenye nyumba, Mzee Khamis, alikuwa seremala. Kila alfajiri aliendesha gari hadi Sterling, upande wa Virginia, kufunga makabati ya jikoni katika nyumba mpya zilizokuwa zikijengwa huko kwa safu. Mkewe, Bi Zuhura, alihudumia wakongwe katika makao ya wazee kule Bladensburg. Walinichukua kama binti yao. Chakula cha jioni nilikula mezani kwao kila siku, isipokuwa Jumapili, ambapo nilikula na Wakenya wenzangu baada ya ibada.

Tasnifu yangu ilihusu jumba moja la kale la wafalme wa Urusi. Jina lake nitaliacha, kwa kuwa waliolifufua ni watu wa kuheshimiwa, na kosa nitakalolisimulia ni la watu wawili tu, mmoja wao akiwa mimi. Yatosha ujue kwamba lilianza kama nyumba ya mawe ya kiasi, aliyojengewa mke wa mfalme mashambani, nje ya mji mkuu wa zama zile. Binti yake alipokuja kukalia kiti cha enzi hakuridhika nayo. Aliipanua, akaibomoa sehemu, akaijenga tena, hadi ikawa jumba refu kiasi cha kumchosha anayelitembea kutoka pembe hadi pembe. Milango ya vyumba vyake ilipangwa katika mstari mmoja ulionyooka, hata mtu aliyesimama kwenye mlango wa kwanza aliuona wa mwisho ukiwa mdogo kama kisanduku cha kiberiti. Na katikati ya mstari huo palikuwa na ukumbi mkuu: madirisha pande zote mbili, kioo cha kujitazamia kati ya dirisha na dirisha, na kila kioo kimekumbatiwa na matawi mawili ya mbao, yaliyochongwa na kupakwa dhahabu.

Sasa nisikilize kwa makini, kwa sababu mambo yote yanategemea matawi hayo. Katika picha zangu zote, zilizopigwa miaka ya karibuni, matawi ya kila kioo yalielekeana. La kushoto liliinamia kulia, la kulia likainamia kushoto. Kioo kimoja tu kilikwenda kinyume. Pale matawi yote mawili yaliinama upande mmoja, nao ulikuwa upande wa mlango alioingilia malkia. Nilipoligundua jambo hilo sikulala vizuri kwa furaha. Niliandika sura nzima, ya nne, nikieleza kwamba msanifu alivunja ulinganifu kwa makusudi, ili jicho la mgeni lisukumwe taratibu kuelekea mlango huo kabla malkia hajatokea. Ilikuwa hoja nzuri. Hata leo naiona nzuri.

Jumba lenyewe sikuwa nimeliona kwa macho. Idara yetu ilikuwa na nafasi moja ya kumpeleka mwanafunzi kukaa huko miezi mitatu, na mhadhara wangu wa Jumamosi ndio ungeamua kama nafasi hiyo ni yangu au ya mwenzangu.

Basi siku ninayoikumbuka ni Jumatano ya wiki ile. Nilikuwa nimetandaza picha zangu kubwa juu ya meza ya chakula. Mzee Khamis alirudi kazini, akanawa mikono, akapita nyuma yangu na taulo begani, akasimama.

"Nani kakupa picha ya aibu yangu?" aliuliza.

Nilicheka. "Aibu gani tena, Mzee?"

"Hii." Alishusha kidole hadi karibu na tawi bila kuigusa karatasi. "Hili nimelichonga miye."

"Khamis, mwache mtoto asome," Bi Zuhura alisema kutoka jikoni. "Juzi uliwaambia wageni umejenga Ikulu ya Marekani."

"Nilisema nimefunga makabati karibu na Ikulu. Karibu! Mke wangu husikia neno la mwisho tu."

Lakini hakuwa akitania. Alivuta kiti akaketi, akanieleza. Alipokuwa kijana serikali ilimpeleka Urusi kusomea uchongaji, kwa kuwa baba yake alikuwa fundi wa milango ya nakshi. Jumba lilikuwa limeungua wakati wa vita vikuu. Paa la ukumbi lilianguka na mbao zake zikawa makaa. Mafundi walikuwa wakiujenga upya kipande kwa kipande, wakifuata vipande vilivyookotwa kifusini na picha za kabla ya vita. Yeye na wanafunzi wenzake walipelekwa kusaidia. Alipewa picha ya tawi iliyokuzwa, iliyotolewa kwenye bamba la kioo kama picha za zamani zilivyokuwa.

"Aliyeichapa aliliweka lile bamba kifudifudi," alisema. "Kushoto kukawa kulia. Miye nikachonga nilichopewa, wiki baada ya wiki. Basi ndiyo haya, matawi mawili yanatazama kule kule kama watu wanaongoja basi."

"Na msimamizi hakuona?"

"Hakuona," alijibu, akaanza kukunja taulo.

Niliiona sura ya nne ikibomoka, na nyuma yake nikaiona safari ikipotea. Nikamuuliza, kwa sauti ambayo ningependa nisiikumbuke, "Una hati yoyote, Mzee? Barua, cheti, kitabu cha kazi?"

"Vyeti vipo Unguja kwa dada yangu. Kama mchwa hawajavisoma."

"Basi siwezi kulitumia. Katika kazi yetu, neno la fundi peke yake halitoshi."

Kule jikoni mwiko uliacha kugonga sufuria. Mzee Khamis alisimama. "Sawa, Profesa," alisema. Jina hilo alizoea kuniita kwa utani, lakini siku ile hakutabasamu.

Mwanangu, kanuni niliyomtajia haikuwa uongo. Ni kweli kwamba msomi haandiki kila anachoambiwa mezani. Ila kanuni hiyo hiyo inamtaka, akishaambiwa jambo zito kama lile, aisimamishe hoja yake mpaka aulize na kuchunguza. Mimi niliishika nusu iliyonifaa na kuiacha nusu iliyonidai. Wala usidhani sikumwamini. Nilimwamini tangu neno lake la kwanza. Hakuna mtu anayebuni bamba lililowekwa kifudifudi.

Jumamosi walikuja kunisikiliza. Nilikuwa nimewaalika kabla ya Jumatano; sikuwaalika upya, wala sikuwa na uso wa kuwazuia. Mzee Khamis alivaa suti yake ya Idi. Bi Zuhura alijitanda kanga juu ya koti. Walikaa safu ya tatu. Nilisoma mhadhara wangu vizuri, nikaonyesha picha ukutani, na nilipofika kwenye tawi lile watu walisogea mbele kwenye viti vyao. Kisha profesa wangu, mama mmoja mtaratibu aliyewahi kuishi Urusi, akanyanyua kalamu na kuuliza swali moja: je, nina hakika kwamba tawi lile limefuata sawasawa lile la zama za malkia?

Nikasema, "Ndiyo. Sina shaka."

Watu walipiga makofi. Mzee Khamis naye alipiga.

Tulirudi kwa gari lao la kazi, mbao zikigongana nyuma. Bi Zuhura alijaribu kutuchangamsha. "Umesema vizuri, mwanangu, ila mbona mwishoni ulikwenda mbio kama mtu aliyeacha chungu motoni?" Tulikuwa tumefika kwenye daraja la Bladensburg pale Mzee Khamis aliponiita, na hakuniita Profesa.

"Kagendo."

"Naam, Mzee."

"Sikutaka unitaje. Nilitaka yule mama alipokuuliza useme hujui. Basi, hilo tu."

"Ningepoteza safari."

"Ungeipoteza," alisema. Hakunibembeleza. Aliendesha kidogo, kisha akaendelea. "Jumatano sikukwambia yote. Siku tulipolipandisha tawi ukutani, kabla halijapakwa dhahabu, niliona. Lilikuwa bado mbao tupu. Lingeshushwa kwa siku moja. Nikawaza, nikisema watanirudisha Unguja bila cheti, baba atawaambia nini watu? Nikanyamaza. Msimamizi wetu, mzee wa watu, macho yake mabovu, akanisifu mbele ya wenzangu. Nami nikajiambia limekwisha. Kumbe lilikuwa linakungoja wewe."

"Hili hukuniambia hata mimi, Khamis," Bi Zuhura alisema polepole.

"Hata wewe."

Nilitazama nje. Nilielewa kitu ambacho vitabu vyangu havikuwa vimenieleza kwa lugha iliyo wazi hivyo. Tawi lile lilikuwa limekaa ukutani miaka ishirini na zaidi kwa sababu kijana mmoja aliogopa kusema sentensi moja. Mimi nilikuwa nimelichukua na kulijengea sura ya kitabu. Na mwanafunzi mwingine, mahali fulani, angeisoma sura yangu na kujenga juu yake, bila kuwa na Mzee Khamis wa kupita nyuma ya kiti chake. Nilimwomba msamaha mle garini. Alisema, "Mimi umekwisha kuniomba. Bado yule mama."

Jumatatu tulikwenda pamoja. Alipoteza kazi ya siku nzima kule Sterling ili aje, na alikuja na nguo zake za kazi, penseli sikioni. Nilimwambia profesa kwamba nilidanganya, na kwamba nilikuwa nimeujua ukweli tangu Jumatano. Nilitumia maneno hayo hayo, maana nilikuwa nimeandaa mengine laini zaidi njia nzima na yote yalinuka. Mama yule alimsogezea Mzee Khamis karatasi. Mzee akachora tawi kama lilivyopaswa kuwa, halafu kando yake akachora lile alilolichonga, jani kwa jani, bila kufuta. Kisha wakaanza kuzungumza Kirusi kwa kasi ambayo miaka yangu mitatu ya kamusi haikuifikia, na mara moja wakacheka, nami mpaka leo sijui walicheka nini. Barua ya kwenda karakana ya jumba iliandikwa pale pale, kwa mkono wa Mzee Khamis, ikieleza kosa lake na kuliwekea jina lake.

Sasa mimi ndiye mzee, na wewe ndiye unayeandika. Nasaha yangu ni hii. Ukikosea, sema kungali mapema, wakati kosa lingali mbao tupu, kabla halijapakwa dhahabu. Baada ya hapo kila mtu atalisifu kosa na ulimi wako utazidi kuwa mzito. Ukiambiwa jambo linaloibomoa kazi yako, usimpime anayekuambia kwa nguo zake wala kwa vyeti vyake. Nenda ukalichunguze jambo. Na siku utakapoulizwa mbele za watu kitu usichokijua, au unachokijua na kukiogopa, kumbuka kwamba neno "sijui" lingenigharimu safari moja tu, ilhali "sina shaka" lilinigharimu uso wa kuwatazama machoni watu wawili walionilisha.

Mungu akupe kazi itakayodumu kuliko wewe. Akupe na mtu wa kupita nyuma ya kiti chako akiwa na taulo begani, nawe uwe na moyo wa kumsikiliza.

Nafasi ya kwenda Urusi alipewa mwenzangu. Sura ya nne niliitupa, na tasnifu ikachelewa miaka miwili. Jibu la karakana lilifika baada ya miezi kadhaa, likiwa fupi: bamba limetazamwa, fundi amesema kweli, tawi litaachwa lilipo na maelezo yake yataandikwa kwenye kumbukumbu. Mzee Khamis aliibandika barua hiyo ndani ya mlango wa kabati la jikoni, mahali ambapo Bi Zuhura aliweka chumvi.