Kamera Haijui Bukwe

Mama yangu, Kapinga, hapiki chakula cha watu wa nyumba moja. Anapika bukari, ugali wa kwetu, ya kushibisha zamu nzima ya wafanyakazi, kwenye kantini iliyo njia ya Kingamyambo, na sufuria zake ni kubwa hata mi nilipokuwa mdogo nilikuwa naogeshwa ndani ya moja. Jambo hilo la mwisho asiambiwe mtu yeyote wa usafi.

Alikuwa mkuu wa jikoni tangu mi sijajua kusoma. Halafu asubuhi moja msimamizi wa kantini akabandika tangazo mlangoni: kila anayeongoza jikoni, ghala au lango lazima awe na brevet, cheti cha usafi na usalama kazini, na masomo yake yanafanyika kwenye simu. Asiyeipata kabla ya mvua kuanza, jikoni yake itapewa mwenye nayo.

"Yaani," Mama alisema, "mutoto wa jana mwenye karatasi atakuja kunionyesha namna ya kusonga bukari?"

"Njo vile, Mama."

"Na mi nitakuwa namuita chef?"

"Utamuita chef."

Alipangusa mikono. "Joyeuse, leta ile telefone."

Kabla sijaendelea, lazima nieleze kuhusu Kalala. Huyu ni mume wa dada yangu Simone, na anaangalia ghala la vifaa kwa wachimbaji. Sisi ni watu wa Kasai. Babu aliletwa huku kufanya kazi ya mgodi, na sisi tumezaliwa Dilala, hapa Kolwezi, katika nyumba hizi za zamani za kampuni. Mambo mengi ya kwetu tumeyasahau. Bukwe hatujaisahau. Mama na mume wa binti yake hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawaongei ana kwa ana. Mmoja akitaka kusema kitu, anamwambia Simone, na Simone anamwambia mwenzake, hata kama wote watatu wanasikia. Kalala akimwona Mama anakuja na ndoo, anageuka kusoma ukuta, hata kama ukutani hakuna maandishi. Siku moja aliruka kutoka kwenye taxi-moto ambayo haikuwa imesimama.

Kwa heshima hiyohiyo, Mama hakuwahi kuuliza Kalala anasoma nini kwenye simu, na Kalala hakuuliza Mama anasoma nini. Simone alijua ya wote wawili, lakini alidhani somo la jikoni na somo la ghala ni tofauti kama kuku na nyundo. Kumbe ni darasa moja.

Mwanzoni masomo yalikuja kwa audio, katika kundi la WhatsApp. Mwalimu alikuwa Kinshasa. Alituma sauti ndefu, nyuma yake magari yakipiga honi, na katikati ya sumu za dawa ya panya ungesikia mtu anauza mikate. Kundi lenyewe lilikuwa na namba tu, bila majina. Kila asubuhi lazima watu wote wasalimiane, mmoja aombe, mwingine atangaze matanga ya shangazi yake, mwingine auze nywele za kusuka. Somo ulilitafuta humo kama unavyotafuta jiwe katika mchele, na ukilipata, kwa kweli, linauma meno.

Mama alilipenda. Alifunga simu katika kilemba karibu na sikio, akasonga bukari huku mwalimu anamwambia habari za vijidudu.

"Huyu muzuri," aliniambia. "Anafundisha na haniachishe kazi."

Akitaka kujibu, alibonyeza mikro na kusema kwa sauti ileile anayotumia kuita wafanyakazi kuja kula. Wengi waliacha kujibu. Namba moja tu ilithubutu, na hiyo iliandika, haikusema, kwa sababu ya kelele za mashine kazini kwake. Siku hiyo mwalimu aliuliza kuhusu visu. Ile namba ikaandika kwamba kisu cha samaki mbichi kinaweza kukata mkate, ilimradi kipanguswe vizuri.

Mama alibonyeza mikro. "Weye namba, mi sikujue, bwana ao bibi. Kama njo vile munakulaka kwako, basi Mungu achunge mama mukwe wako!"

Baadaye ile namba ikaandika: "Aksanti sana, Mama, kwa shauri."

"Unaona?" Mama aliniambia. "Mutu mwenye adabu."

Kisha mwalimu akasema audio haina uhai, mwanafunzi hafundishwi kama redio. Tukahamia kwenye darasa la moja kwa moja, la kuonana. Mama alivaa liputa, kitenge chake cha kanisa. Aliketi mbele ya simu saa nzima kabla ya mwalimu kutokea, kwa sababu hakuna aliyetuambia kwamba saa ya Kinshasa inatembea nyuma ya saa yetu.

Hilo darasa mi nililichunguza sana. Nusu yake ilikuwa hivi:

"Munanisikia?"

"Tunakusikia, Monsieur!"

"Allô? Munanisikia?"

"Weye njo hautusikie, Monsieur!"

Nusu nyingine bamega, bando za intaneti, zilikuwa zimekwisha. Mwanafunzi mmoja wa Mutshatsha alisoma akiwa amesimama juu ya gunia la makala, yaani mkaa, kwa sababu mtandao haushuki chini ya hapo. Mama mwenyewe alionyesha paji la uso tu. Wengine walielekeza kamera juu, na mi leo ninaweza kukuambia dari gani ya Kolwezi inavuja. Tena kulikuwa na kisanduku kimoja cheusi ambacho kila siku kiliandika: "Kamera yangu imevunjika, samahani."

Mwalimu akachoka. "Mwenye kisanduku cheusi, leo unafungua ao unatoka. Brevet haipewi giza."

Kisanduku kikafunguka. Kwanza tuliona saa ya ukutani yenye fremu ya dhahabu, na Mama akasema, "Eh, iko sawa na ile tulipatiaka Simone ku ndoa." Kisha chini ya saa ukapanda uso wa Kalala, umefunikwa nusu kwa mkono.

Mama alitupa kitambaa cha sufuria juu ya simu kama mtu anayezima moto. Kwenye simu tukasikia kiti kimeanguka.

"Batu wa Kolwezi, kuna nini?" mwalimu aliuliza chini ya kitambaa.

Simone alikuja mbio kutoka avenue ya pili. Alituambia kwamba Kalala aliitambua sauti ya Mama tangu siku ya visu. Hakulala vizuri tangu hapo. Alivunja kamera yake kwa mdomo ili amwachie Mama masomo kwa amani.

"Kumbe namba ile ni yeye?" Mama alishika kichwa. "Nilimutukania mama mukwe wake!"

"Mama mukwe wake ni weye," nilisema.

"Nyamaza, Joyeuse."

Bahati nzuri, watu wengi walilia juu ya bamega, na mwalimu akatuma masomo yaliyorekodiwa, kwenye kadi ya kuweka ndani ya simu. Mama Henriette, anayemenya vitunguu pamoja na Mama kule kantini, ndiye aliyeipokea. Ndani yake, kati ya sherehe ya ndoa ya watu tusiowajua na mahubiri ya pasta, mwalimu alisimama katika jikoni nyeupe kama kliniki. "Fungua bomba la maji ya moto," alisema. Mama akaangalia bidon yake, dumu la maji. Bidon haikujibu.

Lakini video ilikuwa na jambo moja tamu: ungeweza kumsimamisha. "Simama kwanza pale, Monsieur, naenda kuangalia sombe," Mama alisema, akabonyeza, na mtu mkubwa wa Kinshasa akabaki mdomo wazi mpaka sombe, kisamvu chetu, iive. Audio iliruka maswali, darasa la kuonana lilikula bamega, video haikujua kujibu. Ila video ilikuwa na heshima. Simone aliipeleka kadi kwa mume wake asubuhi, akairudisha kwetu jioni, na hakuna aliyemwona mwenzake.

Ndipo ikaja siku ya mtihani. Wa kuonana. Kamera wazi, wawiliwawili kwa alfabeti, mmoja anamuuliza mwenzake. Mwalimu alisema ni kwa ajili ya wale wanaoweka ndugu zao kujibu mahali pao.

Alfabeti ni kitu kisicho na wazazi. Baada ya Kalala, nani anafuata? Kapinga.

Mama alikaa chini, mlangoni pa jikoni. Tangu asubuhi mawingu yalikuwa yakikusanyika. "Nikimutazama, nimepoteza bukwe," alisema. "Nisipomutazama, nimepoteza jikoni. Sasa mi nitachagua nini?"

Simone alirudi kwake, kisha akaja na miwani mikubwa ya kazi kutoka kwa Kalala. Hakueleza. Mama alielewa. Saa ya mtihani ilipofika alivaa kofia ya jikoni mpaka kwenye nyusi, maski mpaka chini ya macho, na ile miwani juu yake. Hata mi nisingemjua.

Mwalimu alipomwona, alipiga makofi. "Muangalie wote! Huyu ndiye mwanafunzi! Vifaa vyote, vimevaliwa vizuri!" Wanafunzi wengine, waliovaa shati na tai, waliinamisha vichwa. Kalala alikuwa ameketi kando, anaonyesha sikio lake tu. Alisoma swali la kwanza akiielekea saa ya ukutani: "Simone, uliza Mama, samaki iliyoyeyuka inaweza kurudi ku barafu?"

"Simone, mwambie hapana," Mama alijibu.

"Simone ni nani?" mwalimu aliuliza. "Simone haiko kwenye darasa. Madame, ondoa maski na miwani, nione kama uso ni wa mwenye jina."

"Monsieur, ni bukwe," nilisema kutoka nyuma.

"Bukwe ni application gani? Mi nataka uso. Bila uso, hakuna brevet."

Mama alishika kamba ya maski, na mkono ukabaki pale. Nje, ngurumo ya kwanza.

Hapo Kalala akaganda. Mdomo wazi, kidole hewani, jicho moja limefumba, kabisa kama picha iliyokwama.

"Ah, Kalala amekwama," mwalimu alisema. "Réseau, mtandao wa Kolwezi."

Ila nyuma ya Kalala kuku wao mwekundu aliingia, akatembea chini ya saa, akachokora kitu sakafuni, akatoka. Darasa zima lilimwona. Kalala hakupepesa jicho. Kisha akakifunga kisanduku chake mwenyewe.

"Amekimbia mtihani," mwalimu alisema. "Sifuri kwake. Madame, basi nitakuuliza mimi."

Mama alivua miwani. Alivua maski. Alikuwa na machozi kidogo, labda ya vitunguu. Mwalimu alimuuliza habari za samaki, za visu, za maji, za moto wa mafuta, naye alijibu yote kwa sauti ya kuita zamu, mpaka mwalimu akarudi nyuma kutoka kwenye kamera yake.

Brevet ilifika mvua ikiwa imeanza lakini haijakolea, na msimamizi alikubali. Mama bado ni chef. Kalala alipewa nafasi ya kurudia kabla ghala halijapewa mtu mwingine, safari hii kwa audio, kwa sababu mwalimu alisema nyuso za Kolwezi zimemchosha.

Tangu hapo, kila Jumapili baada ya misa, Kalala anaketi nje, mgongo ukutani, chini ya dirisha letu. Mama anaketi ndani, upande wa pili wa ukuta huohuo, anamenya mihogo na kufundisha. Simone anakaa mlangoni kupitisha maneno. Hakuna bamega. Hakuna "munanisikia." Unaweza kumsimamisha mwalimu, na mwalimu anajibu. Shuleni kwangu walituambia tulinganishe njia za kusoma kwa mbali. Mi niliandika kwamba bora ni ukuta, na profesa akaweka alama ya kuuliza.

Jumapili iliyopita Kalala alijibu yote bila kosa, hata habari ya visu. Mama aliweka muhogo chini.

"Simone," alisema, "mwambie mume wako amepita. Na umuulize kama ile kuku yake ingali na réseau."

Simone hakupata nafasi ya kupitisha. Nje ya dirisha mtu alikuwa anacheka mpaka anakohoa. Na Mama, aliyekuwa hajawahi kusikia kicheko cha mkwe wake, alijifunika mdomo kwa kilemba asisikike naye akicheka.