Asubuhi Mlanzi, Mchana Cherehani

Mlanzi, ule mwanzi tunaougema pombe, haujui Jumapili, wala haujui kwamba mwenyewe amepata kazi mjini. Ukishaukata ncha wakati wa mvua, lazima uurudie asubuhi na jioni, uupare kidogo pale pale ulipoukata, ndipo uendelee kudondosha. Ukiuacha jioni moja tu, kidonda kinafunga. Kesho yake unakuta mbeta, kile kipande cha mwanzi tunachokining'iniza chini yake kukingia, ni kikavu kama kiatu cha marehemu.

Baba alinifundisha kugema nikiwa bado mdogo. Pale kwetu, chini ya mji wa Iringa kwenye njia ya Kalenga, kazi hiyo ilikuwa ya wanaume. Lakini mzaliwa wa kwanza wa baba yangu nilikuwa mimi, na yeye hakuwa mtu wa kungoja. Majirani walipomcheka kwamba amempa msichana kisu cha kugemea, aliwajibu, "Mlanzi umelalamika?"

Mama alitangulia, na baba akamfuata kabla sijazoea kupika bila kuelekezwa. Nilikuwa nimeshaacha shule, darasa la nne, ili kumuuguza mama. Nyuma yangu walikuwapo watatu. Mdogo wangu wa kike alikuwa anaanza kuwa mrefu kuliko mimi. Kaka yetu mdogo alikuwa bado anachezea matope. Kitinda mimba aliamini kwamba kila mtu anayepita njiani na mzigo amemletea kitu.

Baada ya matanga, wazee wa ukoo walikaa kutugawa. Sisemi hivyo kwa uchungu. Ndiyo ilikuwa desturi, na ilikuwa desturi ya huruma: mtoto wa ndugu haachwi kama mbuzi aliyekata kamba. Mdogo wangu wa kike angekwenda kwa shangazi, Kalenga. Kaka yetu angekwenda Mbeya kwa baba mdogo, aliyekuwa mpishi katika hoteli ya Wazungu na ndiye aliyeshika nafasi ya baba. Kitinda mimba angekwenda Ubena kwa bibi mzaa mama. Mimi ningetafutiwa mume.

Nikaomba kusema. Nilisema tuachiwe msimu mmoja wa mvua tu. Tunao milanzi ya baba, na mimi nimeshapata kazi ya kushona mjini. Kama watoto wakilala njaa au wakiacha shule, basi.

"Basi nini?" akauliza baba mdogo.

"Basi mje mtuchukue. Sitafunga mlango."

Baba mdogo alicheka. "Huyu ana mdomo wa baba yake. Haya. Mvua zikiisha nitakuja mwenyewe nione. Lakini nikisikia neno kabla ya hapo, sitangoja mvua."

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Alfajiri niligema milanzi ya kando ya mto huku suruali kuukuu ya baba nimeivaa chini ya gauni kwa ajili ya umande. Utomvu uliotoka usiku ulikuwa mtogwa, ulanzi mtamu ambao hata mtoto hunywa, na wapita njia waliokwenda vibaruani mjini waliununua wakiwa wamesimama. Mzee mmoja wa kanisa alipita kila siku mapema sana, akanywa kikombe chake haraka, akanirudishia na kusema, "Naunywa sasa, kabla haujawa dhambi." Maana ukikaa mpaka jioni unakuwa mkangafu, na mkangafu humfanya mtu aisalimie miti.

Kisha naoga, napanda mlima kwenda mjini, na siku yangu ya pili inaanza. Bibi aliyeniajiri alikuwa mke wa mfanyabiashara wa nguo, watu wa asili ya pwani. Ua wake wa ndani ulikuwa na cherehani za wasichana, tukashona magauni na sare za shule. Yeye ndiye aliyenifundisha kukata kola. Alikuwa na pua kali.

"Ewe binti, leo tena unanuka kitu. Ni pombe au ni mti?"

"Ni mti, Bibi."

"Mti gani huo unaonuka kama harusi ya walevi? Nenda kanawe mikono, usiniharibie poplini."

Lakini jua likianza kuinama aliniruhusu kabla ya wenzangu, maana alijua kuna milanzi ya jioni. Wenzangu walinichongea. Aliwaambia, "Nanyi kafiweni na wazazi wenu, nitawaruhusu mapema." Kisha akasema astaghfirullah, na wote tukacheka, hata mimi.

Sikuweza peke yangu, na sikujifanya kwamba naweza. Niliwagawia wadogo zangu milanzi. Kila mmoja alikuwa na kichaka chake, hata kitinda mimba, ambaye chake kilikuwa na machipukizi mafupi yaliyolingana na urefu wake. "Para kama unamnyoa mtoto mchanga," nilimwambia kaka yetu, aliyekuwa anakata kama anayechanja kuni. Waligema kabla ya shule na baada ya shule, na wakawa wanabishana mezani mlanzi wa nani unatoa zaidi. Kitinda mimba alijisifu kila siku na hakuna aliyemwambia kwamba mdogo wangu wa kike alikuwa anamjazia mbeta kwa siri.

Mvua zilipokuwa zimekolea, Bibi aliniita ndani. Dada yake wa Mbeya alikuwa anaoza binti, na nguo za harusi zilikuwa nyingi kuliko mikono. "Nakutuma wewe," akasema. "Una mkono mwepesi na huna maneno."

Nilisita. Mdogo wangu wa kike ndiye aliyenisukuma. "Nenda. Unadhani milanzi inakujua wewe tu?" Bibi kizee jirani yetu alikubali kulala kwetu, na mimi nikapanda lori la mizigo kwenda Mbeya nikiwa nimekaa juu ya magunia ya chumvi.

Mbeya ilinipokea kwa baridi na ukungu ulioufunika mlima Loleza mpaka miguuni. Nyumba ya harusi ilijaa wanawake, nyimbo na harufu ya pilau. Mimi nilikaa kwenye cherehani mpaka mgongo ukasahau kunyooka. Na nilifurahi! Nilikata vitambaa ambavyo sikuwahi kuvigusa, hariri inayoteleza kama samaki, na dada yake Bibi akawa anasimama nyuma yangu akitazama.

"Dada yangu anakuficha Iringa bure," alisema siku moja. "Baki hapa. Nitakupa chumba na cherehani yako mwenyewe, na ukizoea, uwafundishe wengine. Utakuwa fundi mkuu."

Sitasema uongo, nilitamani. Wakati huo fundi mkuu mwanamke nilikuwa sijamwona popote. Nilimwomba nifikiri, nikafikiri nikiwa nashona, mpaka nikashona mkono wa kushoto kwenye bega la kulia.

Jumapili nikapata nafasi ya kwenda kumsalimia baba mdogo. Kwa desturi yetu ningeanzia huko siku niliyofika, kabla hata ya kunywa maji kwa watu wengine, lakini harusi ilinimeza. Mlango ulifunguliwa na mama mdogo, Mnyakyusa mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde.

"Wewe! Uko hapa kweli!"

"Nimekuja kuwasalimia, mama. Shikamoo."

"Marahaba ya nini! Baba yako mdogo kakufuata kwenu! Dereva mmoja kamwambia amekuona umehamia kwa Waswahili hapa mjini, umewaacha watoto na mianzi. Kaomba ruhusa hotelini, kapanda lori Alhamisi. Kasema anawaleta wote watatu."

Nilikaa pale pale kizingitini. Mama mdogo akanitazama, akaenda jikoni, akarudi na ndizi zilizopikwa kwa maziwa. "Kula," akasema. "Huwezi kukimbiza lori na tumbo tupu."

Kesho yake alfajiri nilipanda lori la kwanza. Dada yake Bibi alinifungia kitambaa cha zawadi na kusema nafasi yangu ipo, nikitaka nirudi. Nilimshukuru bila kumjibu. Njia nzima, Chimala, Igawa, Makambako, nilikuwa natazama kila lori lililokuja mbele yetu, kama nitaona vichwa vitatu juu ya mizigo. Kufika Nyololo tukazama kwenye matope mpaka ekseli.

"Wanaume washuke wasukume!" akaita dereva.

Nikashuka.

"Nimesema wanaume, dada."

"Nimekusikia. Sukuma na wewe basi."

Abiria wakamcheka, naye akashuka kweli, lakini lori halikusogea. Tulilala kwa watu wa Nyololo, wakatuchomea viazi, na mchana wa siku iliyofuata trekta likatuvuta. Nilifika Iringa jua limeshainama. Sikupita kwa Bibi. Nilishuka mlima nikikimbia na viatu mkononi.

Mlango wa nyumba yetu ulikuwa umefungwa kwa kamba. Jiko lilikuwa la baridi. Nguo za wadogo zangu hazikuwapo kwenye kamba ya kuanikia. Niliita mara moja, nikakaa juu ya kinu.

Halafu nikasikia, kutoka mtoni, mtu mzima anakaripiwa na kitinda mimba.

"Umekata sana, baba mdogo! Hivyo unauumiza! Para kama unamnyoa mtoto mchanga!"

Nilishuka kwenye vichaka. Baba mdogo, mpishi wa hoteli, mtu aliyepiga pasi hata kamba za viatu, alikuwa amesimama ndani ya matope, suruali ameikunja mpaka magotini, kisu cha baba mkononi. Wadogo zangu walikuwa wametawanyika kila mmoja kwenye kichaka chake. Mdogo wangu wa kike aliniona wa kwanza, akapiga kigelegele.

"Kamwene, baba," nikamsalimia kwa lugha ya kwetu.

"Usinikamwene," akasema bila kuacha kupara. "Umenifunga hapa kama mbwa."

"Mimi?"

"Nani mwingine? Nimefika Ijumaa, nikawaambia hawa wakusanye nguo, kesho tunaondoka. Huyu dada yao ananiambia, sawa, baba mdogo, lakini tugeme kwanza. Nikasema sawa. Tumemaliza, saa ya lori imepita. Nikasema basi, kesho. Kesho wameamka kabla yangu, wako mtoni! Ninawafuata kuwaita, na huyu," akamwelekezea kisu kaka yetu, "ananiuliza, baba mdogo, tukiondoka nani atagema jioni? Nikachukua kisu. Mimi nimezaliwa kwenye milanzi hii. Nitaiacha ifunge mbele ya macho yangu?"

"Na nguo zao?"

"Nimezifua. Ziko kwa bibi jirani, kwake kuna moto. Mvua hii itakausha nini?"

Kitinda mimba akanishika gauni. "Dada, anatupikia katlesi za viazi! Amesema Wazungu wanakula hivyo kila siku."

"Nyamaza, wewe. Para mlanzi wako."

Tulipomaliza tulipanda nyumbani, naye akawasha moto mwenyewe, akanikataza kugusa sufuria. Niliongea huku akikoroga. Nilimweleza habari ya harusi, na habari ya nafasi ya fundi mkuu pia, maana sikutaka aisikie kwa dereva mwingine.

"Sasa unataka nini?" akauliza.

"Nataka vyote, baba. Nataka kushona, na nataka hawa wasigawanywe. Ila kama ni kimoja, basi ni hawa."

"Nilikuja kwa hasira, nikijua nitakuta watoto walioachwa," akasema. "Nimekuta watoto wenye kazi. Sijui hata kama wangekubali kupanda lori. Haya, lete sahani."

Kesho yake nilipanda mlima kwa Bibi. Nilimwambia sitahamia Mbeya, na kwamba mvua zikiendelea hivi nitashindwa hata kupanda huo mlima kila siku bila kuwaibia muda watu wa pande mbili, yeye na wadogo zangu. Nilidhani atanifukuza. Aliweka mkasi chini.

"Mlima ndio unaokushinda, si kushona?"

"Ndiyo, Bibi."

"Basi cherehani ishuke, wewe usipande. Chukua ile ya mkono, ya pembeni. Nitakuletea sare za shule kwa wachukuzi. Kiangazi utarudi uani kama wenzako. Lakini nikikuta shati la mtoto wa watu linanuka huo mti wako, nitakuja mwenyewe kukutia bakora."

Cherehani ilishuka mlima kichwani kwa baba mdogo, amevaa suruali iliyopigwa pasi upya. Hakumwachia mtu mwingine aibebe.

Siku moja kabla ya kurudi Mbeya alitupeleka sote Kalenga kwa shangazi, ambako wazee, waliposikia amekuja kutuchukua, walikuwa wamekusanyika kupokea mgawo wao. Shangazi alikuwa ameshamtandikia mdogo wangu kitanda. Baba mdogo alisimama, akakohoa, akasema kwa kifupi kwamba ameona kwa macho yake, na kwamba watoto wa ndugu yake wanakaa pale walipo, wote wanne, mvua hizi na mvua nyingine.

"Na kitanda nilichotandika?" akauliza shangazi.

"Kilalie."

Wazee wakacheka, lakini shangazi hakushindwa kirahisi. "Na huyu mkubwa? Ataolewa lini, kama mchana ana cherehani, asubuhi ana mlanzi?"

"Muulize mwenyewe. Yuko mbele yako."

Wote wakanigeukia. Nilimwambia shangazi kwamba nitaolewa, kwa nini nisiolewe, ila huyo mume lazima ajue kupara.

"Mkubwa huyu!" akasema shangazi akipiga makofi, na akaenda kutukamatia kuku.

Tuliaga mapema, maana jua lilikuwa linashuka. Kaka yetu alishika kuku, kitinda mimba akalia kwamba ni wake, na tukaenda tukibishana njia nzima kuelekea mtoni, baba mdogo akituhimiza kwa nyuma tukaze mwendo.