Magunia Manne Niliyomchagulia Mkaguzi

Mwanangu Neema, kuna siku moja naikumbuka kuliko siku niliyofunga ndoa, na mama yako mdogo asisikie. Ni siku niliyomfuata mkaguzi wa hesabu ndani ya ghala la chama chetu cha msingi hapa Mkunya, nikimbembeleza apime magunia manne ya korosho niliyomchagulia mimi. Jana kwenye mkutano mkuu uliposimama ukasema mkaguzi wa mwaka huu atolewe nje, kwa kuwa ametoa hati safi wakati kila mtu anajua karani ni mwizi, niliinamisha kichwa. Watu wakadhani mzee anasinzia. Sikuwa nasinzia. Nilikuwa najisikia mimi mwenyewe nikisema kwa mdomo wako.

Keti basi, unisaidie kuchambua hizi korosho huku unanisikiliza. Kaka yangu, baba yako, angekuwa hai angekuambia yeye, tena kwa ukali, maana aliyaona yote.

Nilikuwa na umri kama wako. Kazi yangu ghalani ilikuwa kushona midomo ya magunia, shazia, ile sindano kubwa ya magunia, mkononi na kamba ya katani gotini, kutwa nzima. Karani wa mizani alikuwa Simoni, niliyesoma naye darasa moja katika shule ya misheni. Hesabu nilikuwa namshinda. Nalisema hili kila mwaka kwa sababu hakuna mwingine wa kulisema. Lakini chama kilipotafuta karani kilimchukua Simoni, na mimi nikapewa shazia.

Simoni alikuwa na kiti. Unacheka, lakini ghala zima lilikuwa na kiti kimoja, na kilikuwa chake. Alikuwa na kalamu mfukoni mwa shati na baiskeli ya chama, na kina mama walimwita mwanangu Simoni. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba hakujivuna. Angejivuna ningepata cha kusema.

Siku moja mama yangu alileta korosho zake. Simoni akainuka, akampa kiti, akammiminia maji kutoka kwenye dumu lake mwenyewe. Nawe unajua maji ya huku juu yalivyo adimu, na miaka ile kina mama waliyafuata bondeni. Basi mama akalisimulia jambo hilo siku tatu mfululizo. "Yule kijana amelelewa," anasema, anatikisa kichwa. Nikamuuliza, na mimi je, nililelewa na nani? Akanijibu, "Wewe Daudi nimekulea mimi, ndiyo maana nakujua."

Nilikosa usingizi kwa jibu hilo. Wivu, mwanangu, nauita kwa jina lake kwa sababu miaka ile niliuita haki.

Ndipo ikaja habari kwamba mkaguzi anakuja kutoka Masasi. Kijiji kizima kikawa hakina habari nyingine. Wazee walisema mkaguzi akigusa gunia kwa kiganja anajua kilo zake. Kina mama walisema anafungua moja moja mpaka la mwisho. Mwalimu wa dini akasema hafungui kitu, anakutazama tu machoni na mwizi anajitaja. Mimi niliyasadiki yote matatu. Nikajiambia, kama mtu huyu anaona kila kitu, basi mimi nimwekee tu kitu cha kuona.

Jumapili iliyotangulia, Simoni alikuwa kanisani, anaimba kwaya. Ufunguo wa ghala alinipa yeye mwenyewe, nimalizie kushona mzigo wa Jumamosi. Nikafumua magunia manne yaliyoegemea ukuta. Nikachota korosho nzuri, nikajaza mchanga na korosho mbovu katikati, nikaongeza na kupunguza mpaka mizani ikasoma kilo zilezile zilizo daftarini. Kisha nikayashona upya. Nilitaka uzito usibadilike, ili ionekane Simoni amepokea mchanga kutoka kwa wakulima kwa macho makavu, akauandika korosho. Zile nzuri nilizitupa kwenye shimo la choo kilichobomoka. Sikuzila, sikuziuza. Mwizi ana nafuu, angalau anashiba.

Mkaguzi akaja. Mtu mfupi, mpole, amevaa kandambili, ana kipande cha chaki. Alihesabu magunia yote, safu kwa safu, halafu akaanza kuchagua machache ya kupima. Hili hapa, lile kule, anapiga mstari wa chaki, sisi vijana tunabeba mpaka kwenye mizani, anapima, kisha anafungua kutazama ndani. Nikangoja afike ukutani. Hakufika. Nikamfuata.

"Mzee, haya ya ukutani je?" nikamwambia.

"Nimeyahesabu," akasema.

Baadaye nikarudia, nikayapiga kofi moja baada ya jingine. "Haya manne, mzee. Yapime haya."

Akanitazama, akatabasamu. "Kijana, ukinichagulia wewe, si mimi niliyekagua."

Akaandika kitu kwenye kijitabu chake, akaenda upande wa pili.

Siku ya mkutano akasoma taarifa. Hesabu ni safi. Mzee mmoja akanyoosha mkono. "Kwa hiyo hapa kwetu hakuna mwizi?"

"Sikusema hivyo, baba," mkaguzi akamjibu. "Nimesema daftari lenu na ghala lenu vinakubaliana, kwa kadiri ya nilivyopima. Sikuingia moyoni mwa mtu. Na gunia ambalo sikulifungua, siwezi kuwaapia lina nini."

Maneno hayo hakuna aliyeyataka, Neema. Nusu ya mkutano walikwisha kumbeba Simoni mabegani, wanaimba kwamba serikali imethibitisha ni malaika. Nusu nyingine wakanong'ona kwamba mkaguzi amehongwa kuku. Kuku mwenyewe alimla kwetu, mama ndiye aliyempikia. Nami nikawa wa kwanza kunong'ona. Nilipomwona Simoni yuko juu, miguu inaning'inia, anacheka kwa aibu, nilitamani wamwangushe.

Wiki mbili zikapita. Mzigo ukapelekwa ghala kuu Masasi, mnunuzi akapasua gunia moja, mchanga ukamwagika miguuni pake. Akapasua mengine, akapata matatu zaidi. Mzigo wote wa Mkunya ukawekwa kando, wetu sote, pamoja na wa mama yangu. Simoni alichukuliwa kutoka kwenye kiti chake na askari wawili akawekwa mahabusu Newala. Mama yake akaja kukaa kwetu barazani, hali, hazungumzi, na mama yangu akawa anamkanda mgongo na kumwambia mimi nitakwenda kumsemea Simoni, kwa sababu ni rafiki yangu.

Hapo nilikuwa nimepata nilichokitaka. Nilikwenda ghalani, nikakikalia kile kiti. Nilikaa kidogo tu. Kilikuwa kigumu, mguu mmoja mfupi, na Simoni alikuwa ameutegemeza kwa kigae. Sikujua hata hilo.

Mkaguzi akarudi. Watu walimpigia kelele njia nzima, ulisema safi, ulisema safi. Hakubishana nao. Akaniita tukae kwenye ngazi za ghala.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Daudi, siku ile ulinionyesha magunia manne. Uliyajuaje?"

Akafungua kijitabu, akanisomea alichoandika, kwamba kijana mshonaji anataka nipime manne ya ukutani. Basi hasira ikanipanda, hasira kabisa, kana kwamba mkosaji ni yeye. "Sasa kama uliandika, kwa nini hukuyafungua?"

Akafunga kijitabu taratibu. "Kwa sababu miaka yote ya kazi hii, mtu wa ghala akininyooshea kidole gunia, ananionyesha lililo zuri. Anamkinga mwenzake. Simoni alikuwa ameniambia asubuhi ile kwamba wewe ni rafiki yake. Nikadhani unampenda. Nikayaacha hayo, nikayatafuta mabaya kwingine."

Mwanangu, nimechapwa fimbo na marehemu baba, nimezika watoto wawili, lakini neno lile bado naliona limekaa peke yake. Nikadhani unampenda.

"Mimi nami nilikosa," akaendelea. "Nilipaswa kukuuliza palepale kwa nini unayataka hayo. Kosa langu nitaliandika. La kwako utalisema wewe, au nilisome mimi?"

Nililisema mimi, mbele ya wanachama wote, na mama yangu ameketi mstari wa mbele. Alinisema kwa Kimakonde, palepale mkutanoni, na maneno yale siyatafsiri mpaka nife. Korosho zikachekechwa upya, watu wakalipwa kwa kuchelewa, na mimi nikashona magunia misimu miwili bila ujira.

Simoni akaachiwa. Alikuja ghalani, mfukoni hamna kalamu. Nilijiandaa kwa ngumi, na wallahi ningeipokea kwa furaha. Alisema tu, "Daudi, nipe ufunguo." Tangu Jumapili ile alikuwa ameniachia mimi niutunze. Akauchukua, akamkabidhi mwenyekiti, akaondoka. Walimwomba arudi, akakataa. Na wapo waliosema afadhali, kwani karani asiyeona mchanga kwenye magunia yake huwa anaona nini? Watu walewale waliomwita malaika. Hati safi waliigeuza cheti cha utakatifu, na ilipoonekana si cheti cha utakatifu, wakamlaumu mwenye chaki, kisha wakamlaumu Simoni, na kwa muda mfupi kuliko nilivyostahili, wakanilaumu mimi.

Alihamia Lisekese, akapanda mikorosho. Nenda ukaione. Imenyooka kama aliipima kwa kamba, na mwaka huu imebeba kuliko yangu. Nikienda huko anainuka, ananipa kiti chake, ananimiminia maji. Nakaa, nakunywa, na wivu unanichoma vilevile. Sikuambii uongo kwamba umekwisha. Nimejifunza tu kutouita haki.

Sasa sikiliza ninachokuambia, kisha nitanyamaza. Mkaguzi ni mtu mwenye kipande cha chaki. Anapima machache ayaamini mengi, na hilo lina faida yake, kwani bila yeye tungeibiwa mchana. Lakini hawezi kukufungulia gunia unalolijua wewe kama hukumwambia kwa mdomo wako kwa nini unalijua. Wala hati yake haimsafishi mtu roho, wala haikupi wewe ruhusa ya kumwita mtu mwizi. Kulinda ghala ni kazi yetu wenye korosho, siku zote, si yake siku tatu kwa mwaka.

Najua umesomea utunzaji wa vitabu, na najua yule binti alichukuliwa kuwa karani, wewe ukaachwa. Nilikuwepo jina lake liliposomwa. Niliuona uso wako, nikaujua, kwa sababu niliwahi kuuvaa.

Mkaguzi yupo nyumba ya wageni, anaondoka kesho. Kama una jambo, iwe stakabadhi uliyoiona, au gunia, au siku unayoikumbuka, nenda saa hizi jua likiwaka, mwamkie, utaje jina lako, umweleze. Nitakusindikiza. Kama huna, usiende, wala usirudi tena kupiga kelele mkutanoni. Uje hapa uniambie jinsi ulivyoumia kukosa kile kiti. Nitakuelewa kuliko mtu yeyote wa Mkunya.

Mungu akutulizie moyo, mwanangu. Akupe kiti chako mwenyewe, kwa mkono wake na kwa wakati wake. Na siku hiyo mama wa mtu akiingia amebeba korosho, akupe wepesi wa kuinuka.