Gego Lililozama Tayani

Kwa miaka kumi na tisa alipiga picha za meno kwenye kliniki ile ya ghorofani, kazi aliyoimudu hata akifumba macho. Chumba chake kilikuwa kidogo kama kabati: kiti kimoja, mashine ya eksirei ukutani, koti zito la madini ya risasi, la kukinga miale, msumarini. Gego likikataa kuota, yeye ndiye aliyejua limejificha wapi: limelala kifudifudi, limemwegemea jirani, au limegeuka kichwa chini miguu juu. Wagonjwa walimwita Mama Tulia, maana ndilo neno alilolisema kutwa. "Tulia. Usimeze mate. Tayari."

Siku moja akaja mdogo wake, mnadi wa mitumba sokoni, mwenye mdomo wa kukuuzia shati lisilo na kola ukashukuru. Shavu lake la kushoto lilikuwa limevimba miezi minane, naye alilituliza kwa vidonge vya dukani.

"Dada, nipige nitoke vizuri, nimtumie mke wangu."

"Kaa hapo, uache maneno. Ng'ata hiki kijiti."

Picha ilipotokea kwenye kompyuta, alilitafuta gego la mwisho pale linapokaa siku zote, asilione. Akalikuta chini kabisa, ukingoni mwa taya, limesukumwa huko na doa jeusi lenye mapovu mapovu kama ya sabuni. Mfupa uliobaki ulikuwa mwembamba kama ganda la yai. Doa kama lile alishaliona mara tatu.

Utaratibu ulikuwa mmoja: picha huisoma daktari. Lakini mdogo wake alikwisha kugeuza kichwa kuitazama kompyuta.

"Unatafuta nini? Jino liko wapi?"

"Lipo. Daktari atakueleza."

"Dada, nakuuliza wewe."

Akashindwa kumficha. Akamwonyesha kwa ncha ya kalamu. "Jino hili hapa. Na hiki cheusi chote ni uvimbe. Umekula mfupa."

Mdogo wake akacheka kidogo, kisha akaacha. "Si nang'olewa tu, basi?"

"Watakata taya, mdogo wangu."

Kipande cha uvimbe kilipopimwa, haikuwa saratani, lakini dawa yake ilikuwa kisu tu. Alikatwa taya kuanzia chini ya sikio hadi kidevuni. Akapona. Ila mdomo ulikwenda upande, mate yakawa yanamtoka, na maneno yakawa yanatoka yamevurugika. Sokoni walimcheka waziwazi. Akahamia nyuma ya meza, akichambua na kukunja nguo, huku mtu mwingine akinadi.

Kilichomtafuna dada ni kingine. Miezi minane yote walikula pamoja kila Jumapili, meza moja, na shavu lile alikuwa akiliona. Aliwahi hata kulitania. Wifi yake hakumlaumu, na hilo ndilo lililozidi kumuuma.

Jumapili moja dada akasema, "Nilipaswa kukuita kliniki mapema."

Mdogo wake akajibu polepole, neno moja moja, ili aeleweke. "Hukuniita. Basi."

Hakusema kwa hasira, wala hakuwa amesamehe. Akajifuta kidevu kwa kitambaa, akaendelea na uji wake.