Nesi wa Dirishani

Nesi wa zahanati ya gereza ana mikono minene, lakini akimimina methadoni, dawa ya kuwaachisha wafungwa unga, hata tone halimwagiki. Anakusubiri umeze, unywe maji, kisha anasema, "Haya, nipe stori." Mfungwa mgeni alimwona mmbeya tu. Wenzake wa selo wakamcheka: dawa ikiwa bado shavuni huwezi kuongea, na anayekamatwa ameificha ili akauze anaondolewa kwenye foleni, na arosto, yale mateso ya kukosa dawa, humu ndani haina mchezo. Basi mgeni akawa anampa kila asubuhi kipande cha kisa cha shangazi yake, aliyepanda juu ya paa siku walipokuja kumhamisha kwa nguvu nyumbani kwake, akagoma kushuka. Nesi husikiliza kichwa upande, kalamu nyuma ya sikio, uso mkavu, hacheki wala haguni. Leo mgeni amemeza, amepanua mdomo, amesema "ahsante, sista" kwa sauti. Askari akamshika bega.

"Huyu kashameza. Mwingine!"

"Nimeona kameza," nesi akasema, kiganja kimeziba mdomo wa chupa. "Shangazi alishuka?"